Kuingia Ukatoliki huku kazi inakuhamisha: nianze upya kila parokia?

MpimaReli (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtu wa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa. Nimebatizwa KKKT nikiwa mchanga, kipaimara nimepata huko huko, kwaya ya vijana nimeimba miaka. Kazi yangu ni upimaji kwenye ujenzi wa SGR, kwa hiyo makazi yangu ni kambi. Tuta la reli likisogea, na sisi tunafungasha. Nimekaa Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, na sasa niko Tabora. Mke na watoto wako Moshi.

Nataka kuingia Kanisa Katoliki. Sababu sitazichambua sana maana najua uzi utageuka uwanja wa ligi ya madhehebu. Kwa kifupi ni Ekaristi. Hata sisi Walutheri tunaamini Kristo yumo kweli katika Chakula cha Bwana, kwa hiyo sikutoka mbali. Ila kwetu ibada ikiisha tunafunga mlango. Kule nilikuta Misa imeisha, watu wameondoka, na bado kuna mama amepiga magoti mbele ya tabernakulo (kisanduku wanamotunza Ekaristi) na taa nyekundu inawaka. Nikaanza kupitia kila nikitoka zamu. Ndivyo ilivyoanza, hakuna maono wala ndoto.

Sasa shida. Darasa la mafundisho nililianza vizuri tu, katekista mzuri, daftari nilijaza. Nikahamishwa. Nilikofika, darasa lao lilishaanza, nikaambiwa nisubiri jipya. Jipya likaanza, nikahamishwa tena. Kituo kilichofuata (sitataja ni wapi) wakaniambia mafundisho ya huko nyuma hawayatambui, nianze na ishara ya msalaba pamoja na wale ambao hawajabatizwa kabisa.

Halafu kuna hili la barua. Katekista ananiambia leta barua ya jumuiya unayosali, yaani kile kikundi cha waamini majirani wanaosali majumbani. Mwenyekiti wa jumuiya ananiambia sikufahamu, leta barua ya jumuiya uliyotoka. Napiga simu nilikotoka. Mwenyekiti wa kule, mzee mstaarabu kabisa, ananijibu: "Mwanangu, tulikuwa tunasali na wewe vizuri, lakini kwenye daftari letu haumo, maana hujawa Mkatoliki." Yaani ili niwe Mkatoliki nilete barua ya kuonyesha nilikuwa Mkatoliki mahali fulani.

Wenye uzoefu: kweli sheria ya Kanisa inasema mtu akihama anaanza upya? Na paroko wangu hasa ni nani, wa Moshi iliko familia au wa hapa nilipo?

Siti ya Mbele

Naweka kambi hapa. Na mimi ni walewale, jeshini.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. MpimaReli, nimefundisha wakatekumeni tangu nikiwa kijana mpaka magoti yakakataa baiskeli, ngoja nikupangie.

Kwanza, wewe si mkatekumeni. Mkatekumeni ni yule ambaye bado hajabatizwa. Wewe umebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na ubatizo huo Kanisa Katoliki linautambua. Haurudiwi. Soma kanuni ya 845 na ya 869 katika Sheria ya Kanisa ya 1983. Aliyebatizwa kwa Walutheri habatizwi tena, hata kwa masharti, mpaka pawepo shaka ya maana kuhusu ubatizo wenyewe. Kwa hiyo karatasi yako ya kwanza ni cheti cha ubatizo kutoka usharika wako wa Machame. Kama kimepotea, usharika unalo daftari, mwombe mchungaji akutolee kingine. Wengi wanaona aibu kumwendea mchungaji kwa jambo hili. Mwendee kwa heshima, mwambie ukweli. Nimeona wachungaji wakiandika cheti na kumwombea mtu papo hapo.

Kipaimara cha KKKT ni jambo jingine. Upande wetu Kipaimara ni sakramenti, kwa krisma (mafuta matakatifu), na utakipokea. Habari njema kwa mtu wa kambini: huhitaji kusubiri ziara ya askofu. Padre aliyepewa kazi ya kukupokea ana mamlaka ya kukupa Kipaimara katika adhimisho hilohilo. Kanuni ya 883.

Ibada yenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. Unaungama kwanza, kwa sababu wewe ni mbatizwa na dhambi za baada ya ubatizo zinaenda kitubioni. Kisha ndani ya Misa unakiri imani pamoja na waamini, unatamka kwamba unaamini yote ambayo Kanisa Katoliki linaamini, linafundisha na kutangaza kuwa yamefunuliwa na Mungu. Unapakwa krisma, unapokea Ekaristi. Na si lazima iwe Mkesha wa Pasaka. Mkesha ni wa wanaobatizwa. Wewe unaweza kupokelewa Jumapili yoyote ukiwa tayari.

Kuhusu paroko: ukikaa mahali miezi mitatu, au ukifika kwa nia ya kukaa angalau miezi mitatu, una makao ya muda hapo na paroko wa hapo ni paroko wako (kanuni ya 102 na 107). Wa Moshi naye ni wako, sheria inaruhusu yote mawili. Na hata asiye na makao popote, paroko wake ni wa pale alipo. Hakuna mtu ambaye Kanisa linamwambia huna paroko.

MpimaReli

Milele amina, mzee wangu. Hapo kwenye "wewe si mkatekumeni" umenishtua. Kote nilikopita nimewekwa benchi moja na wakatekumeni.

Katekista Mstaafu

Najua. Sababu haiko kwenye sheria, iko kwenye idadi ya walimu. Katekista mmoja ana vigango (makanisa madogo chini ya parokia) vinne au vitano, posho yake hata sitaki kuitaja, wewe unataka afungue darasa la mtu mmoja Mlutheri anayejua tayari Baba Yetu na Amri Kumi? Anakuweka na wengine. Si dhuluma, ni uchovu. Lakini paroko ana uwezo wa kukupima kwa mazungumzo, aone unajua nini na unakosa nini: sakramenti saba, Bikira Maria, watakatifu, toharani, Papa. Ukikutana naye usimwambie "nimeshamaliza mafundisho". Mwambie "naomba unipime".

Na msituhukumu haraka kwamba tunachelewesha watu. Kardinali Lavigerie aliyewatuma wamisionari wa White Fathers huku kwetu, wale waliopita hapo hapo Tabora mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu, aliweka ukatekumeni wa miaka minne. Minne! Hakutaka watu wa kubatizwa leo na kesho hawaonekani. Hiyo roho tumeirithi.

Mlutheri Halisi

Nimesoma kwa utulivu. Swali langu kwa mleta mada ni moja. Tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Roma walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Lile jambo lililotutenganisha tangu Luther tumeliweka mezani tukakubaliana msingi wake. Kama ni hivyo kuna haja gani ya kuhama? Kaa ulipo, salini pamoja. Na mama yako Machame anajua?

MpimaReli

Anajua. Alinyamaza wiki nzima, halafu akanipigia kuniuliza kama Wakatoliki wataniruhusu kuja kwenye mavuno ya usharika. Nimemwambia nitakuja na ndizi zangu kama kawaida.

Kuhusu 1999, hilo ndilo linanifanya nisitoke kwa ugomvi. Sitakaa mahali nianze kusema walionibatiza walikosea. Lakini tamko lile halikumaliza habari ya upadre, ya Papa, ya Misa kama sadaka, na hayo ndiyo mimi nimeshawishika nayo. Mtu akishashawishika anakaaje nje akisubiri kamati?

Mlutheri Halisi

Sawa. Sikubaliani lakini umejibu kama mtu mzima. Bwana akutangulie.

Binti Ujiji

Jamani na mimi nichangie, ila kesi yangu ni tofauti. Mimi nimezaliwa nyumba ya Kiislamu Kigoma, ni muuguzi. Kwa hiyo mimi nilikuwa mkatekumeni wa kweli, nimepitia hatua zote: kupokelewa katika ukatekumeni, kuchaguliwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, zile ibada za kutakaswa Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano, halafu Mkesha.

Nilihamishiwa Mpanda katikati. Kilichoniokoa ni paroko wangu wa kwanza. Alipoandika jina langu kwenye kitabu cha wakatekumeni alinionyesha mstari wenyewe, akasema "Ukienda popote, hili halifutiki." Nilipoondoka akaniandikia barua yenye tarehe niliyopokelewa, nilikofikia kwenye mafundisho, na mhuri. Mpanda walinipokea kuanzia pale pale nilipoishia. Hawakuniuliza cha jumuiya.

Lakini MpimaReli nikwambie kitu, usiichukie jumuiya kwa sababu ya hiyo barua. Mafundisho yalinipa majibu ya mtihani. Ukristo nimeujulia jumuiyani. Mara yangu ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja muuza dagaa, saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Meza ndogo ina kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa umechomekwa kwenye chupa ya soda, na watoto wamekalia ndoo zilizogeuzwa. Katibu akaita mahudhurio, mwisho akasema mgeni asimame. Nikasimama, kwa woga nikasema "Assalam aleikum". Sekunde moja kimya, halafu mzee mmoja kwenye kona akaitikia "Waaleikum salaam, karibu nyumbani." Watu wakacheka, nami nikacheka. Baada ya hapo nikipangiwa zamu ya usiku wao ndio walikuwa wanakuja kunisomea Injili ya Jumapili kwenye simu.

Baba yangu aliuliza swali moja tu: watakubadilisha jina? Nikamuuliza paroko. Akasema sheria inazuia jina lililo kinyume na maadili ya Kikristo tu, haikulazimishi kuchukua la mtakatifu. Nimebaki na jina la bibi yangu.

Siti ya Mbele

Hilo la jina sikulijua kabisa! Kwetu katekista alituletea orodha tuchague.

Katekista Mstaafu

Orodha ni desturi, na desturi nzuri, unapata mwombezi. Lakini binti amesema kweli, kanuni ya 855.

Na wanaohofia kwamba kifo kitawakuta njiani kabla ya Pasaka: mkatekumeni akifariki anazikwa na Kanisa kama mwamini (1183). Na katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza mwenzake. Ndivyo Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, alivyofanya Mei 1886 akiwa ndani ya jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda: aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwemo, siku chache kabla ya kuuawa Namugongo. Hakukuwa na padre. Hakukuwa na barua.

Dada wa Ruwi

Habari zenu. Mimi niko Muscat, Oman, kazi za ndani. Kwetu ni Songea. Nimekulia kanisa la kilokole, nikabatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na mitano. Mapumziko yangu ni Ijumaa, na huku hata Misa za wikiendi zinaanzia Ijumaa kwa ajili yetu wafanyakazi, kwa hiyo naenda kanisa la Watakatifu Petro na Paulo hapa Ruwi, lililojengwa kwenye kiwanja alichotoa Sultani Qaboos. Wahindi wa Kerala na Wafilipino ndio wengi. Mafundisho ni Kiingereza, nashika nusu, nusu nyingine nasoma kwenye Katekisimu ya Kiswahili niliyonayo kwenye simu. Mkataba wangu unaisha kabla ya Pasaka. Nikirudi Songea haya yote yatahesabiwa, au ndiyo naanza kama mleta mada?

Katekista Mstaafu

Yanahesabiwa, mwanangu. Kanisa ni moja. Padre wa huko aandike barua kwa Kiingereza tu, mapadre wetu wanasoma. Lakini nina swali kwako kabla ya mengine: pale mtoni mchungaji alisema maneno gani? Kama alisema "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", umebatizwa, uko kundi la MpimaReli. Kama alisema "kwa jina la Yesu" peke yake, Kanisa Katoliki halitautambua ubatizo huo, na utabatizwa, uko kundi la Binti Ujiji. Njia mbili tofauti kabisa. Mtafute aliyekuwepo.

Dada wa Ruwi

Dada yangu alikuwepo, tulibatizwa siku moja. Nimempigia sasa hivi, anasema ilikuwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na anakumbuka kwa sababu alizamishwa mara tatu akameza maji. 😂

Katekista Mstaafu

Basi aandike hayo kwenye karatasi na kutia saini, kama kanisa lenu halitoi vyeti. Ushahidi wa mtu aliyeona, au hata wako mwenyewe uliyebatizwa ukiwa mkubwa, unakubalika (kanuni ya 876).

Baba Neema

MpimaReli, umeruka swali gumu. Mkeo? Ndoa mlifunga wapi? Mimi niliambiwa nikiingia RC lazima tufunge ndoa upya, mke wangu akasema hafungi ndoa mara mbili na mwanaume yuleyule. Nimeacha.

MpimaReli

Tulifunga usharikani, wote Walutheri. Mke wangu anabaki KKKT, tumekubaliana. Aliniambia "wewe nenda, mimi nitakuwa nakuombea kwa Kilutheri." Kuhusu kufunga upya, hata mimi niliambiwa hivyo kituo kimoja. Mzee, hebu tusaidie.

Katekista Mstaafu

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Walutheri wawili waliobatizwa, wakafunga ndoa kanisani kwao wakiwa huru, ndoa yao ni halali na ni sakramenti. Mmoja akiingia Ukatoliki harudii chochote. Leta cheti cha ndoa kiingie kwenye faili, basi. Ndoa inayohitaji kurekebishwa ni ya mtu aliyekuwa Mkatoliki tayari, akaenda kufunga kwingine bila ruhusa ya askofu. Baba Neema, kama ninyi mlikuwa Walutheri wote, mliyeambiwa naye alikosea. Rudi, omba kuonana na paroko mwenyewe, si mlangoni baada ya Misa, ofisini.

Baba Neema

Tulikuwa wote Wamoravian.

Katekista Mstaafu

Ni yaleyale. Rudi.

Binti Ujiji

Swali la msimamizi, yule anayesimama nawe siku ya kupokelewa. Mimi wangu nilimchagua Kigoma, alikuja kwa basi siku nzima akafika Mkesha umeshaanza. Kwa wanaohama naona bora kuchagua wa hapo mlipo. Sharti lenyewe awe Mkatoliki mwenye Kipaimara, miaka 16 kwenda juu, anayeishi imani yake, na asiwe mzazi wako. Msichague bosi.

MpimaReli

Wakuu, mrejesho. Nimekwenda ofisini kwa paroko wa hapa Tabora na cheti cha usharika pamoja na daftari langu la Kilosa. Nilimwambia nilivyofundishwa: "Baba, naomba unipime." Tumezungumza mpaka mchana. Kwenye Neno aliniacha nitembee. Kwenye rehema (kufutiwa adhabu ya dhambi) na toharani akanisimamisha, akanipa vya kusoma, nirudi. Darasa la wakatekumeni hatanitia, nitakuwa namwona yeye jioni nikiwa na nafasi. Jumuiya amenipa ya karibu na kambi, na barua ya kunitambulisha ameiandika yeye mwenyewe, kwa hiyo lile duara limekatika. Nitapokelewa Jumapili ya kawaida, na msimamizi ni dereva wetu wa greda, Mkibosho.

Kitu alichonifungua macho: mahali utakapopokelewa ndipo jina lako litakapoandikwa, pamoja na tarehe na mahali ulipobatizwa. Nikija kuhitaji cheti, nikiwa Moshi au Mwanza, taarifa zangu zitatafutwa Tabora. Kwa hiyo mtu wa kuhamahama ajue parokia gani inashika daftari lake, aandike jina lake na la jimbo, na abaki na nakala.

Siti ya Mbele

Hongera sana mkuu. Sasa hiyo barua ya uhamisho iandikwe vipi? Mimi napangiwa upya muda wowote.

Katekista Mstaafu

Isiwe ndefu. Jina kamili na la wazazi. Amebatizwa au hajabatizwa, wapi na lini, cheti kimeonwa. Amepokelewa katika ukatekumeni tarehe fulani, au ni mbatizwa anayejiandaa kuingia katika ushirika kamili. Amefundishwa mpaka mada fulani. Hali ya ndoa. Jumuiya aliyokuwa anasali, hata kama hakuwa mwanachama. Saini ya paroko, mhuri, namba ya simu ya ofisi. Namba hiyo msiisahau, paroko akiwa na wasiwasi apige simu badala ya kukurudisha darasani.

Siti ya Mbele

Nimeinakili. Na wewe MpimaReli, wakikuhamisha kesho kabla ya hiyo Jumapili?

MpimaReli

Barua iko kwenye faili ya vipimo, imesainiwa na mhuri umepigwa. Paroko ameacha nafasi ya tarehe tu.